Posa ya Tindo

Mimi ni mshenga. Nimewaposea mlevi, mgomvi, na bwana mmoja mwenye wake wawili tayari, na wote walipewa. Kisha akaja Twaha.

Twaha ni kijana wa jirani yangu hapa Tandika. Anaimba ile miziki ya kusema harakaharaka. Jukwaani anaitwa Tindo, na katika mitindo huru, yaani pale vijana wanapotupiana mistari papo kwa papo mpaka mmoja akwame, hajawahi kukwama. Hasimu wake wa Keko anaitwa Sururu. Majina ya vifaa vya ujenzi, wala hakuna kati yao aliyewahi kujenga hata banda la kuku.

Sasa Twaha akampenda Saumu, na Saumu ni dada yake Sururu, tumbo moja. Hilo alilijua baada ya kutoa wimbo unaosema Sururu, na ndevu zake zote, bado anafuliwa shuka na mama.

Mzee Pazi, mjomba wa Saumu, akanipigia simu.

“Mshenga, posa yenu tumeisikia. Njoo, na huyo kijana mlete, nimwone mwenye mdomo huo. Ila akiufungua humu ndani, posa imekufa.”

Kwa kawaida muoaji hubaki kwao. Safari hii tulikwenda naye, kavaa kanzu ya kuazima, na njia nzima nilimwambia neno moja tu: nyamaza.

Tukaketi mkekani. Nikaomba radhi kwa ajili ya shuka, kwa maneno mazuri, maana kazi hii naijua.

“Mbona ni kweli nafua mimi?” akasema mama yake Saumu. Shangazi mtu akamfinya.

Sururu akasimama. “Mjomba, mimi sijaridhika. Nimetukanwa kwa mistari, nalipa kwa mistari.”

“Lipa,” akasema Mzee Pazi. “Lakini matusi sitaki, kuna watu wazima hapa.”

Binamu yao akainua simu, anarekodi. Sururu akalivuta sinia la visheti, akaanza kuligonga kwa vidole, akamtazama Twaha usoni:

“Jukwaani unanguruma, ukweni umekuwa bubu,
umekodi babu wa watu aje akutolee jibu!
Dada yangu anataka mume, siyo mjukuu wa babu,
vua kofia, kaa chini, ujifunze kwangu adabu!”

“Weeee!” nyumba nzima ikapiga kelele, na shangazi akiwemo. Mimi nilikasirika. Babu? Mjukuu hata mmoja sina.

Nikamgeukia Twaha. Midomo ilikuwa inamcheza. Kidole chake kilikuwa kinagonga goti kwa mdundo uleule wa sinia, na jasho linamtoka. Jibu lilikuwa limeshamfika kwenye meno. Nilimwonea huruma kwelikweli, kijana wa watu, anajua kitu kimoja tu duniani na ndicho hicho alichokatazwa.

“Mshenga,” akasema Mzee Pazi, “mna jibu?”

Methali zangu za akiba ninazo nyingi, ila hakuna hata moja inayokwenda na sinia.

“Mmeshinda,” nikasema. “Tunaomba mke.”

Twaha akafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. Simu ya binamu bado ilikuwa juu.

Mzee Pazi akaagiza Saumu aletwe. Shangazi akamtoa chumbani, kajitanda khanga.

“Mwanangu, wageni hawa unawajua?”

“Nawajua, mjomba.”

Sururu akadakia, “Dada, si umemsikia alivyokwama? Unamtaka mtu aliyeshindwa?”

“Huyohuyo,” akasema Saumu. “Mshindi tunaye humu ndani, na hata sahani yake haoshi.”

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Posa ikapokelewa.

Tulipofika Tandika, ile video ilikuwa imetutangulia. Muuza chipsi akapaza sauti, “Tindo, pole mwanangu! Shem kakunyoa bila maji!” Twaha akapita tu. Alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu, akatazama huku na huku, kisha akanishushia jibu lake lote kwa sauti ya chini. Miziki hiyo siipendi, na maneno mengine sikuyaelewa. Lakini vinyweleo vilinisimama.

“Limekaaje, mzee wangu?”

“Limekaa vizuri sana. Sasa limeze.”

Akatikisa kichwa, akaenda zake bila hata kuniaga, na nilijua ameudhika nami.

Siku ya harusi Sururu alishika kipaza sauti akairudia mistari ile yote, pamoja na ule wa babu. Twaha akampigia makofi shemeji yake, tena kwa nguvu. Nami nikapiga, ila taratibu.