Gitaa Kwenye Jiliwa

...na meno ya msumeno yameshakaa juu ya mstari wa penseli, katikati kabisa ya tumbo la gitaa, nusu huku nusu kule, kazi ya dakika mbili, mbao ngumu kuliko hii nimezipasua kabla ya chai ya asubuhi, sukuma mkono tu mama aondoke na kuni zake... "Vipande vidogo," anasema mama, yuko nyuma yangu kwenye kigoda ninachokalia nikinoa patasi, "vidogo vya kuingia jikoni, usije ukaniachia mapande," na anapaza sauti kama anaita mtu wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu sikio lake la kushoto limekufa, na limekufa kwa ajili ya hiki hiki nilichokibana mbele yangu kwenye jiliwa, kati ya taya zake mbili za chuma, basi kata, unangoja nini, wewe ambaye mtaa mzima unakuita Patasi kwa sababu hujui kubembeleza kitu, kata. Kalileta mwenyewe asubuhi hii, kalibeba mgongoni kama mtoto mgonjwa, kalifunga kwa shuka la kitanda alichofia baba, siku ya kumi na moja tangu tumfukie, hakuketi, hakutaka maji, alilitua kwenye meza yangu ya kazi katikati ya maranda akasema nikatie hili dude, nataka kuchemshia maji ya kuoga, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka kwa raha, nikamwambia mama umechelewa miaka ishirini na tano, nikalibana mpaka chuma kikalia, na nilivyokuwa nazungusha ule mpini sikuwa nabana gitaa, nilikuwa nabana mkono wa baba, ule wa kulia, wenye kucha ndefu ya kidole gumba, nilitaka niusikie ukipasuka mfupa kwa mfupa, kidole cha kwanza, cha pili, nilitaka aniombe, na mimi nimuulize, unaomba nini, nani kakwambia hapa kuna mtu wa kuombwa... lakini mkono uko chini ya udongo, umeniponyoka, kimebaki kipande cha mti tu, haya, hata hicho si haba, nitakipasua hicho.

Ningekuwa nimeshamaliza. Kosa ni la kidole changu cha kati, kilichofundishwa na yule mzee aliyenipa kazi nikiwa na miaka kumi na saba, fundi kwelikweli, alikuwa haruhusu ukate mti kabla hujaugonga, gonga kwa kifundo cha kidole, tega sikio, kama una ufa utakwambia, kama una msumari ndani utakwambia, mti uliokufa unajibu kama mlango, alikuwa akisema, ulio mzima unajibu kama mtu aliyeitwa jina lake, na mimi siku moja nikaona ananichelewesha, nikakata bila kugonga, jino la msumeno likakutana na msumari, likaruka, likanichana nyusi, damu mpaka kidevuni, na yeye akasimama pale anapuliza chai yake, "Umeusikia sasa?" akasema, basi tangu siku ile kidole kinagonga chenyewe, nagonga meza za watu nikialikwa chakula, nagonga milango iliyo wazi, jeneza la baba nililiunda mwenyewe juu ya meza hii hii na nililigonga pia, likajibu kama mlango, nikaridhika. Na hili nikaligonga. Mara moja, kwa mazoea, msumeno ukiwa mkono wa pili, mawazo yangu yakiwa kwenye vidole vya baba... likaitika. Ni gitaa la umeme hili, na hapa hakuna waya uliochomekwa, hakuna spika, nyuzi sita zilitikisika zenyewe, sauti nyembamba ya juu, lakini chini yake kulikuwa na nyingine, ikapita kwenye ubao, ikaingia kwenye chuma cha jiliwa, ikashuka kwenye meza, ikanipanda mpaka kwenye mfupa wa nyonga nilioegemeza hapo, na haikuondoka, ilikaa, ikakaa, nikajikuta nimezuia pumzi nisiisumbue, mti gani huu, mti gani unashika sauti namna hii, na nikagonga tena, na safari hii msinisingizie mazoea. "Umeanza?" anauliza mama. "Bado, naangalia mkao wa nyuzi za mti," namwambia, "usije ukapasuka ovyo," na huo ni uongo, kuni hazina ovyo.

Mjinga mimi. Miaka yote nilidhani ni boksi, debe tupu la kupigia kelele, nilikuwa naliona kwa mbali tu, kifuani pa baba, kwa sababu aliyeligusa alikula mkanda, kaka yangu aliligusa siku moja kwa kidole kimoja akakaa siku mbili bila kuweza kukalia matako, kumbe ndani si tupu, ni ubao mmoja, unene wa vidole viwili, mzima, umekatwa kwa umbo ukaachwa. Basi. Wenzake wa bendi walikuwa wakimcheka, wao walikuwa na mengine mekundu ya kumetameta, yenye pembe mbili kali, wakimwambia, "Nyuzi Sita, huo ubao wa kukatia nyama utauacha lini?" naye anajibu huu ndio mtindo wa kwanza kabisa, yenu yote ni wajukuu wa huu, na mimi chini ya meza nilikuwa nawaunga mkono wao, ubao wa kukatia nyama, na sasa nimeinama pua yangu inakaribia kuligusa na naona alichokuwa anakiona, mjinga yule, mnyama yule, alikuwa anaona... Pembe moja tu, upande wa chini, imechongwa ili mkono ufike nyuzi za juu, na ule upande wa pili haukuchongwa kwa sababu hauna haja, mafundi wangapi nawajua wangechonga na wa pili ili vilingane, hata mimi ningechonga. Shingo imeingia kwenye tumbo kwa skrubu nne, nimejaribu kupitisha wembe kwenye yale maungio, haupiti, shingo imepigwa kwa miaka thelathini na wembe haupiti, na mimi mlango niliotengeneza juzi tayari unaachia. Rangi imeliwa pale alipokuwa akiegemeza kiwiko, mti umetoka wenyewe, wa manjano, laini, laini kuliko msasa wowote ninaoujua, huo ni msasa wa ngozi ya mtu, huwezi kuununua. Vitufe viwili vya kuzungusha, swichi moja, bamba la chuma, kwisha, hakuna ua, hakuna nakshi, hakuna kitu cha kumfurahisha mjinga. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda hiki alijua pa kuachia, nimefanya kazi hii miaka kumi na saba sijajua pa kuachia. Nalipenda. Eti nalipenda, mimi, kiganja changu cha kushoto kimelala tumboni kwake tangu saa ile na hakitaki kutoka, na ningekuwa na mtu wa kumpiga kwa ajili hiyo ningempiga sasa hivi.

Kwa sababu lilimpiga. Usijisahaulishe, Patasi, lilimpiga mama yako. Aliweka beseni la nguo mbichi juu ya sanduku la gitaa, beseni tu, alikuwa anatafuta pa kulitua afungue mlango wa uani, na baba akalichukua gitaa shingoni kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, hakupiga kelele, alikuwa hapigi kelele mtu yule, akamshushia upande wa kichwa, kisha akalipangusa kwa shati lake. Kwanza alilipangusa. Mama yuko chini na nguo mbichi zimemwagika juu yake, na yeye analipangusa, anatazama kama limechubuka... na mimi sasa nimelipekua lote, ukingo wote, nimepitisha kidole kutwa... sijui nasema nini, kutwa gani, dakika tatu... hakuna hata mchubuko, mfupa wa mama yangu ulivunjika na huu ubao haukupata hata alama, na unajua fundi ndani yangu alisema nini, alisema, ubao mzuri huo. Nitamkata ulimi. Nitajikata ulimi. Na kuna lingine, liko nyuma ya hilo, sitaki, lakini limeshakuja, nilipoligonga nililitambua, ile sauti, kumbe naijua, siku ile lilipomshukia mama nyuzi zote zilitikisika kwa pamoja, zikalia, nilikuwa na miaka tisa, chini ya meza, nimeukumbatia ufagio, na damu imetoka sikioni mwa mama inashuka shingoni polepole, na sauti ilikuwa bado ipo hewani, nyembamba juu, nzito chini, na mimi nikaisikiliza. Niliisikiliza mpaka ikaisha yote. Ndipo nikatoka chini ya meza nikaenda kwa mama.

"We Patasi," anasema mama, "maji yangu yatachemka kwa macho?" Nasikia kigoda kinalia, anainuka, viatu vyake vinakwaruza kwenye maranda, na mimi nafikiri haraka haraka, nimpe nini badala yake, nina kuni pale kona, nina vipande vya mlango, nimpakie gunia zima, nimwambie mama, hili niachie mimi, na nimweleze nini, nimwambie limenikaa moyoni, nani anaweza kusema neno hilo kwa mwanamke huyu, ameishi na kitu hiki ndani ya nyumba miaka yote, amekipangusa vumbi akiwa na hofu, ametandika kitanda kando yake, amengoja mtu afe ili apate haki ya kukichoma, jambo moja hili ndilo aliloniomba tangu nizaliwe, sijawahi kusikia ameomba kitu, na mimi namtafutia gunia la vipande vya mlango. Kata. Mkono haushuki. Ungeshuka kwa mtu yeyote, huu mkono, unashuka upesi, mume wangu aliujua, alichukua patasi yangu ya kuchongea nyumba za bawaba akafungulia kopo la rangi, patasi tu, nikamkuta, nikashika kipande cha fremu kilichokuwa karibu nikamvunja mtulinga, ule mfupa wa bega, naye alikuwa bado ameshika kopo, na mtaa ukacheka, jike dume huyo, mkimchezea shauri yenu, na mimi nikatembea mabega juu, mimi sipigwi, nikasema, yaliyompata mama hayatanipata, na mama mkwe akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, nikamwambia ondoa watoto wako kwenye shimo basi, watu wakacheka zaidi, maneno yangu yakawa yanarudiwa sokoni. Mama yangu hakucheka. Nilidhani hakusikia. Na lile nililolifanya kwanza, kabla ya kumwangalia mume wangu pale chini anavyopumua, nililolifanya kwanza, niliokota patasi nikaangalia kama imepata pengo.

"Kama mkono umechoka nipe mimi," anasema mama, na amefika, yuko ubavuni kwangu, mfupi, ananuka sabuni, haniangalii, analiangalia gitaa, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyeletewa mgeni aliyemngoja sana, ananyosha mkono, hashiki msumeno, anaweka vidole vyake juu ya nyuzi, ovyo, kwa nguvu, zinakwaruza, zinatoa sauti mbaya, ya kuumia, na mimi nasema, "Mama." Neno hilo tu. Sijasogea, msumeno uko pale pale kwenye mstari, kiganja changu kiko pale pale, sijapaza sauti, mimi nikikasirika sipazi sauti, sikuwahi kulijua hilo mpaka sasa hivi... na mama ameondoa mkono. Haraka, kama umeungua. Amerudi nyuma, hatua moja, nusu nyingine, bila kuangalia anakanyaga wapi, miguu inajua yenyewe, na amesimama hapo, na hapo ni mbali kidogo kuliko mkono wangu ukinyooka, mimi ni fundi, napima kwa jicho, hajakosea hata kidole. "Basi, mwanangu," anasema, taratibu, sauti yake ya barabarani imekwisha, "sijasema kitu," na hiyo sauti ya chini niliisikia kila siku kupitia ukuta nikiwa mtoto, sijasema kitu, baba watoto, sijasema kitu, sijawahi kuisikia ikiambiwa mtu mwingine. Mama, nasema, rudi, njoo hapa karibu, nakata, tazama, nakata sasa hivi, nakata vipande vidogo... labda nimesema, labda midomo tu imetikisika, meno ya msumeno yako juu ya mstari wa penseli, mama amesimama kwenye maranda, na haliangalii gitaa tena, anauangalia mkono wangu.