Chungu Kilichokimbia

Ukungu wa Oktoba ulikuwa bado umelala juu ya majaruba ya mpunga wakati Phikun alipofunua chungu chake cha rangi ya nili, akainama, akanusa, kisha akakifunika upesi kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anavua nguo.

"Vipi chako leo, dada?" aliuliza Orawan, aliyekuwa akipita peku kutoka chungu hadi chungu, daftari kwapani.

"Kizuri," Phikun akajibu.

Hilo lilikuwa jibu lake la asubuhi ya kumi na moja, na kwa asubuhi sita kati ya hizo lilikuwa uongo. Orawan alimtazama kidogo, akatabasamu, na hakuandika kitu.

Orawan alikuwa mshauri wa wanawake walioumizwa na maisha. Alikuja kijijini kutoka mjini, akaomba banda la kufumia lililokuwa nyuma ya nyumba ya Thongbai, mjane wa hapo, akakusanya wanawake sita na kumpa kila mmoja chungu cha udongo kilichomfika kiunoni. "Sitawauliza yaliyowapata," aliwaambia siku ya kwanza. "Kila asubuhi nielezeni habari za chungu tu. Kimelalaje, kimekula nini, kina furaha au kimekasirika."

Hakuna aliyeona ajabu kuulizwa hivyo. Wote walikua wakijua kwamba nili iliyochachuka ni kiumbe hai. Hula chokaa, ukwaju na maji ya majivu. Huvishwa kitambaa shingoni. Haisogelewi na mtu atokaye mazikoni. Na haivumilii ugomvi. Ikiwa na afya, maji yake huwa ya kijani kilichochanganyika na manjano, na uzi ukitolewa humo hugeuka buluu mbele ya macho yako, kana kwamba hewa ndiyo iliyoupaka rangi. Siku nili inapokataa kushika uzi, hakuna asemaye imekufa. Husema imekimbia.

"Changu kimeninunia, Mwalimu," alisema Thongbai, ambaye Orawan alishindwa kumzuia asimwite mwalimu. "Povu lenyewe jembamba kama mate ya mtoto. Nadhani jana kilinisikia nikiimba."

"Umekiomba radhi?"

"Nimekiomba. Nimekiambia hata marehemu alikuwa akiivumilia sauti hii, na yeye alikuwa na masikio mawili, wewe huna hata moja."

Wanawake walicheka. Mume wa Thongbai alikufa kwenye jengo alilokuwa akijenga ng'ambo, akarudishwa ndani ya sanduku ambalo mkewe alikatazwa kulifungua. Miaka minne hakulisema hilo kwa mtu. Wiki iliyopita alikuwa amesema, huku akikoroga, "Chungu changu hakipendi kufunikwa. Kinataka kuonwa uso," na akalia mpaka jioni. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza tena kuimba.

Phikun alikuwa hajasema lolote. Alikuwa na siku tano tu. Watawa wangetoka katika miezi yao mitatu ya kutulia hekaluni, na kesho yake Prasoet, mumewe, angekuja na mjomba wake kumchukua, kwa sababu Mama Bunhom, mamake Phikun, alikuwa ameahidi. Phikun hakutaka kurudi. Neno lenyewe alikuwa nalo, fupi, limekaa tayari kooni. Lakini kila alipofungua kinywa lilirudi chini kama kijiwe kisimani. Mwezi Agosti alipofika nyumbani na ndara mguu mmoja, mamake alimtazama kutoka juu ya ngazi, na la kwanza alilouliza lilikuwa, "Umefanya nini?"

Tangu hapo, sokoni na hekaluni, mamake alisema kwa sauti ya chini, "Binti yangu amekimbia," akiinamisha kichwa kama anayekiri wizi.

Jua lilipopanda, Orawan aliwalaza wote juu ya mikeka, kitambaa chenye maji baridi juu ya macho ya kila mmoja. Mitambo ya kufumia ilikuwa imenyamaza. Mende wa majini alikuwa akigongagonga ndani ya ndoo.

"Pumueni mpaka tumboni," alisema Orawan. "Taratibu. Sasa kila mmoja aende kwenye chungu chake, achungulie ndani. Mkitaka kuingia, ingieni. Mkitaka kurudi, rudini."

Phikun alichungulia, akaona ngazi. Akashuka. Maji hayakumlowesha, yalimpisha kama pazia. Chini kabisa kulikuwa na jiko la Prasoet, kila kitu buluu, sahani zikielea na kugeuka polepole kama samaki wanaolala. Mbele ya moto alisimama mwanamke mwenye mgongo kama wake, akikoroga tui na sukari guru, akikoroga, akikoroga, bila kuinua macho. Juu, kwenye mdomo wa chungu, kulikuwa na duara la mwanga, na mtu aliyeita. Lakini aliyekuwa akiita aliita, "Mke wa Prasoet! Mke wa Prasoet!" na yule mwanamke hakugeuka, maana hilo halikuwa jina lake.

"Umeona nini, dada Phikun?"

"Maji tu," alisema Phikun, na chini ya kitambaa machozi yalimtiririkia hadi masikioni.

Alasiri walichovya nyuzi. Phikun alichovya zake haraka na kuzianika nyuma ya za wenzake, pasipoonekana sana. Alipokwenda kuchota maji, Thongbai alilichukua fungu lake la nyuzi ili amsaidie kulisuuza. Rangi yote ikaondoka ndani ya beseni kama vumbi linavyotoka mguuni, na uzi ukabaki mweupe.

"Phikun we! Njoo uone! Chungu chako kimekimbia!"

Ndoo ilimponyoka Phikun. Alisimama mlangoni, maji yakimpita miguuni, akilisikia lile neno likitamkwa kwa sauti kubwa mbele ya watu.

"Mdogo wangu, si kosa," Thongbai alisema upesi. "Hata vyangu vimeshakimbia, kimoja kilikimbia kikaniachia harufu ya panya mwezi mzima. Tumwite Mama Bunhom."

"Usimwite."

"Kwani tuna nani mwingine? Kijiji kizima ni mamako tu ambaye hajawahi kukimbiwa na chungu."

"Dada, nakuomba, usimwite."

Lakini Thongbai alikuwa tayari kwenye ua, mikono mdomoni, akilipaza jina la Mama Bunhom hadi ng'ambo ya mashamba.

Mama Bunhom alifika na kikapu cha chokaa, mikono yake buluu hadi kwenye viwiko. Hakuwa amewahi kuingia kwenye banda hilo; aliliita nyumba ya kufundishia watu wazima kulala mchana. Aliitazama ile mikeka, akabetua midomo kwa dharau, akanawa, akafunua chungu. Alichovya kidole, akakionja.

"Sukari," alisema. "Nani amekilisha sukari namna hii?"

"Mimi, Mama."

"Kila siku?"

"Kila kilipochafuka."

"Kwa nini, mwanangu? Umejifunza wapi hilo?"

"Nilidhani kitatulia," alisema Phikun.

Mama Bunhom akatikisa kichwa. Akawaashiria wote wanyamaze. Alifungua kitambaa chake cha begani na kukifunga shingoni mwa chungu, taratibu, akikilainisha mikunjo. Akachuchumaa, akaegemeza shavu kwenye ukingo. Aliposema, sauti yake ilikuwa ile ambayo Phikun aliikumbuka kutoka homa za utotoni, sauti ya kuoshea paji la uso.

"Binti yangu. Umefanywa nini?"

Akalipapasa tumbo la chungu.

"Nani amekutisha? Nani amekupigia kelele? Ulikuwa na baridi? Ulikaa na njaa, mzuri wangu, na mimi sikujua? Sema tu. Hapa hakuna wa kukugombeza. Umefanywa nini hata ukatoka nyumbani kwako?"

Phikun alikuwa amesimama nyuma ya mamake, hatua tatu. Akahisi tena ngazi chini ya nyayo zake, na safari hii aliyeita kule juu aliita vizuri: binti yangu.

"Alinipiga," alisema.

Thongbai alitaka kusogea. Orawan akamshika mkono. Mkono wa Mama Bunhom uliokuwa ukilipapasa tumbo la chungu ulisimama. Hakugeuka. Alivuta pumzi, akaendelea kusema na chungu, kwa sauti ileile.

"Alikupigia nini?"

"Mara chumvi. Mara nimechelewa kufungua mlango. Siku nyingine hakusema kwa nini. Akinuna nilimpikia vitu vitamu."

"Mara ngapi?"

"Mwaka wa pili niliacha kuhesabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama. Sikukuu ya kumwagiana maji, tulipokuwa tunaosha sanamu hekaluni. Ukasema niongeze upole."

Mama Bunhom alilaza paji la uso juu ya ukingo wa udongo.

"Nilisema hivyo," alisema.

"Ndiyo."

"Rudi nyumbani, binti yangu. Rudi kwangu. Hakuna atakayekukasirikia." Sauti yake ilipasuka, akaikusanya tena. "Ulikimbia vizuri."

Ndipo alipogeuka. Hawakukumbatiana, haikuwa desturi yao. Mama Bunhom alimshika bintiye viganja vyote viwili, akavigeuza na kuvichunguza kama anayesoma, akalikuta kovu dogo kwenye kifundo cha mkono na kulifunika kwa kidole gumba chake cha buluu. Kisha akaagiza maji ya majivu. Walitoa nusu ya maji ya chungu, wakatia chokaa, wakakoroga kwa zamu.

"Kitarudi?" aliuliza Phikun.

"Sijui. Sukari ilikilevya mno. Tusikiharakishe."

Siku ya siku, gari la mizigo lilisimama nje ya ua wa Thongbai. Akatangulia mjomba wa Prasoet na sinia la ndizi na tambuu, na nyuma yake Prasoet mwenyewe, shati limepigwa pasi. Mjomba alianza salamu zake kwa sauti ya mtu aliyezoea mikutano.

"Teremsha sauti, kaka," alisema Mama Bunhom. "Kuna chungu kinauguzwa."

"Tumekuja kumchukua mkwe wetu, kama ulivyoahidi."

"Niliahidi kabla sijauliza."

Prasoet akacheka kidogo. "Mama, mimi sikumfukuza. Alikimbia mwenyewe."

"Najua alikimbia. Nimetunza nili miaka arobaini na sita, baba. Chungu kikikimbia, huwa naangalia mikono ya aliyekuwa nacho."

Akaitazama mikono ya Prasoet. Mjomba naye akaitazama, bila kutaka. Prasoet akaitia mifukoni.

Phikun alitoka bandani, vidole vikidondosha maji, akasimama kando ya mamake. Hakuwa na hotuba. Lile neno fupi lilipanda kooni, likasita pale lilipozoea kuzamia, likapita.

"Sirudi," alisema.

Mjomba aliliweka sinia juu ya ngazi, akalichukua tena, asijue desturi inasemaje juu ya ndizi za safari kama hiyo. Gari liliondoka nazo.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito hata vyungu vilionekana kama wanawake walioketi wakisubiri zamu zao. Orawan alipita peku.

"Vipi chako leo, dada?"

Phikun alifunua, akainama, akanusa, na safari hii hakuharakisha. Pembeni mwa maji ya kijivu, karibu na ukingo, palikuwa na alama ya kijani, nyembamba kama ukucha.

"Bado," alisema. "Kina woga. Kimekula kidogo. Jana usiku kilisikia gari likipita barabarani kikashtuka, halafu kikalala. Lakini bado kipo."

Orawan alifungua daftari, akaandika.