Ini la Mudathiru

Dokta wa tatu alipouliza swali lile lile, Kaltumu alishindwa kujizuia.

"Hakunywaka!" akasema, mumewe hajafungua hata kinywa. "Si bia, si pombe ya ndizi. Ni Mwislamu, anafungaka Ramadhani yote. Mutamuuliza mpaka lini?"

Mumewe, Mudathiru, aliketi kando yake, macho ya njano kama kiini cha yai. Alikuwa na presingi ndogo karibu na kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, akisafisha suti na magauni ya watu wa pande zote mbili za mpaka. Kwa muda sasa chakula kilikuwa kinamchukiza, mkojo umekuwa rangi ya chai, na mwili unamwasha. Walimpima homa ya ini, hawakuiona. Basi kila daktari alisoma majibu, akamtazama, akauliza kuhusu pombe. Uvumi ulifika msikitini kabla wao hawajafika nyumbani. Shemeji mmoja alikuja hata kumsihi atubu.

Dokta huyu, mwanamke aitwaye Gisubizo, hakukasirika. "Bon. Unafanyaka kazi gani, baba?"

"Presingi."

"Madoa ya mafuta unayatoa na nini?"

"Iko dawa. Tunanunua kwa pipa. Doa linatoka mara moja."

"Na madirisha?"

Mudathiru akajikuna shingo. Kaltumu akajibu: "Anayafungaka! Ati vumbi ya barabara itachafua mashati. Nimesema mwaka muzima. Anatoka mule kichwa kinamuuma, anayumba kama..."

Gisubizo akavuta kiti karibu. "Mvuke wa dawa ile unaingia kwa mapafu, hata kwa ngozi, unafika kwa damu. Damu inapita kwa ini, na kazi ya ini ni kubadilisha sumu ili mwili uitoe. Lakini kuna sumu zingine, ini ikizivunja, vile vipande ndivyo vibaya zaidi. Vinaiunguza yenyewe, pale pale inapofanya kazi. Leo kidogo, kesho kidogo, na ini haipigi kelele. Macho yakigeuka njano, imeumia tayari."

"Basi nitakunywa mizizi ya mama, inisafishe," akasema Mudathiru.

"Mizizi nayo itapita kwa ini ile ile! Iache ipumzike. Na hiyo dawa usiiguse tena."

Njiani kurudi nyumbani, Mudathiru alikuwa bado anabisha. Na suti za harusi za yule mteja, Nkusi, je? Si angeweza kufungua dirisha moja tu? Kaltumu akakaza mwendo. Walipofika, alichukua ufunguo wa presingi, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, akaenda kupika. Mudathiru alinuna siku nyingi.

Hata hivyo, mwasho ulikwisha, macho yakaanza kuwa meupe, akaomba ugali mwenyewe. Vipimo vya ini vilishuka, ingawa si mpaka chini. Ini huota upya, Gisubizo aliwaambia, lakini kovu ni kovu. Mudathiru akafungua tena presingi, kwa sabuni na maji, madirisha wazi. Suti zenye mafuta alizirudisha, na wateja wengine wakaondoka wakilalamika. Pipa lililobaki walilifunga vizuri uani, wakisubiri watu wa ofisi ya sekta waje kulichukua.

Siku moja akakumbuka kwamba Habib, mwenzake mwenye presingi kule Rugerero, hutumia dawa ile ile. Akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kumwonya. Alirudi amefura kwa hasira.

"Nimemukuta ndani, mlango umefungwa, harufu mpaka kwenye barabara! Nikamueleza yote: ini, damu, vile vipande. Akacheka. Ati yeye damu yake ni ya nguvu. Kaltumu, mutu gani huyo hasikii?"

Kaltumu alikuwa akichambua maharagwe. Akamtazama mumewe, akaendelea kumtazama, mpaka Mudathiru akainamisha macho.

"Kesho tutaenda wote," akasema mwishowe, akitupa jiwe nje ya ungo. "We utakaa na Habib. Mi nitaongea na mke wake."