Kiti cha Mbele cha Landrova

Ifakara ilikuwa imeshabaki nyuma, na walioisindikiza Landrova kwa miguu walikuwa wamepotelea kwenye vumbi lake, pale Scolastica alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kumbe kiti hiki kizima."

Venance, aliyeshika usukani, hakuelewa. "Kiti gani, shemeji?"

"Hiki cha mbele. Miaka kumi na mmoja naambiwa kimevunjika, kitanichana nguo. Safari zangu zote mimi ni basi."

Nyuma yao, ndani ya jeneza, alilala mwenye gari, Fidelis, mume wa Scolastica. Siku mbili kabla ya kukata roho alimshika Venance mkono akamwambia, "Nipeleke kijijini kwetu Mbingu kwa gari langu. Usinipakie kwenye lori kama gunia la mpunga." Venance akaapa. Wawili hao walikuwa mafundi wa gereji moja kwa miaka thelathini. Ile Landrova ya kizamani waliikuta imeota majani, wakaitoa, wakaivalisha injini ya petroli iliyong'olewa kwenye kipanya, basi dogo la abiria, na pampu ya mafuta ya umeme. Hapakuwa na waya humo ambao Venance hakuujua. Ndivyo alivyoamini.

Padri alikuwa amesema wazi: saa nane awe kaburini, saa tisa anaondoka kwenda kigango kingine.

Saa saba kasoro wakafika Idete. Kwenye tuta la mbele ya shule watu walivua kofia, gari likadunda, Scolastica akajishikilia. Hatua mia mbili mbele injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Venance akapiga stata. Ikazunguka kwa nguvu, betri haina neno, ila injini haikushika. Akafungua boneti. Plagi zilitoa cheche. Akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akamwomba Dionisi, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ameshuka kwenye lori la wafiwa nyuma yao, apige stata. Halikuja hata tone. Akachovya kijiti tangini: petroli tele. Akaunyonya mpira unaotoka tangini, petroli ikamjaa mdomo, akatema. Njia haijaziba, basi ni pampu. Siku zote ukiwasha ufunguo, pampu ile hulia kama nzi ndani ya chupa. Akatega sikio. Kimya. Fyuzi nzima. Akapima kwa kitaa chake cha kupimia umeme: kwenye fyuzi kinawaka, kwenye pampu hakiwaki. Katikati, waya uliingia chini ya dashibodi, ukaviringishwa utepe mweusi, ukapotea.

"Huu utepe sikuuweka mimi," alisema.

"Fundi, achana na nyaya," alisema Dionisi, akinyoosha kidole kwenye jeneza. "Huyu amegoma."

"Hajagoma, kaka. Umeme haufiki kwenye pampu."

"Na nani kauzuia?"

Wafiwa wakaguna. Scolastica akachungulia dirishani. "Mhamishieni kwenye lori, shemeji. Padri hatangoja."

"Nipe dakika kumi. Nimemtuma wa bodaboda dukani akalete waya, niunge moja kwa moja kutoka betri."

"Basi hizo dakika kumi ni zangu," alisema Dionisi.

Kwa desturi ya huku, gari la maiti likizima, fundi hupewa nafasi ya kwanza, kaka mkubwa ya pili. Dionisi akaletewa bakuli la maji, akatia unga kidogo, akanyunyizia tairi ya mbele.

"Fidelis, mdogo wangu, wewe mbishi tangu ziwa la mama. Una neno gani? Kuna mtu tumemruka? Kama yupo, mlete tumwone, utuache tukuzike."

Mwanamke mmoja akatoka katika kundi la watu wa Idete waliosimama kutazama. Mikono yake ilikuwa na unga wa maandazi.

"Poleni na msiba," alisema. Akaufungua mlango wa mbele. "Samahani, dada. Sogeza goti."

Scolastica akasogeza. Yule mwanamke akapitisha mkono chini ya dashibodi bila kuinama, bila kutazama, kama mtu anayepapasa komeo la mlango wake mwenyewe gizani. Kitu kikalia, tik. Pampu ikaanza kuvuma.

Hakuna aliyeshangilia. Bakuli lilimponyoka Dionisi, na lilipoanguka hakuna aliyeliangalia. Venance, ladha ya petroli ingali ulimini, akakumbuka miaka thelathini ya kula sahani moja na marehemu.

"Umejuaje?" Scolastica aliuliza.

"Ni swichi ya kuzuia wezi. Aliifunga mwenyewe."

"Sijakuuliza imefungwa na nani. Umejuaje?"

Mwanamke akajifuta unga kwenye khanga. "Goti langu lilikuwa linaigonga. Kila tukipita lile tuta, gari linazima. Akawa ananicheka, 'Odilia, mwizi wangu ni wewe.'"

Scolastica akalitazama goti lake kana kwamba ni la mtu mwingine. Kisha akashuka.

"Panda," alisema.

"Wapi, dada?"

"Mbele. Si pako hapo? Ulinde hiyo swichi, tumeshachelewa." Akazunguka nyuma, akapanda, akaketi sakafuni, akaegemea jeneza. "Wewe ulipewa kiti. Mimi nakaa na mwenyewe. Shemeji, washa gari!"

Venance akawasha. Ikashika mara moja. Yule wa bodaboda alifika na waya wake, akakuta vumbi.

Walifika Mbingu saa nane na nusu, padri angali ameketi. Fidelis alizikwa. Scolastica alitupa udongo wa kwanza, Odilia wa mwisho, na hawakusemeshana. Dionisi aliugua shinikizo la damu wiki ile, akapona. Tangu hapo hamuulizi maiti swali. Venance aliing'oa swichi, akaunga waya, na gerejini anafanya kazi peke yake. Odilia bado anauza maandazi Idete. Scolastica yuko Ifakara. Landrova anayo, na hukaa mbele.