Likizo ya Kicheko

Metroni aliposema kwenye mkutano wa asubuhi kwamba muuguzi Kicheko yuko likizo, Mama Pacha aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, asije akasomwa usoni. Likizo? Juzi tu walikuwa pamoja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakifungana majoho ya plastiki mgongoni, Kicheko akitania kwamba ugonjwa huu usipomuua, jasho litammaliza. Kwa mdomo wake ule, kama angekwenda likizo angeaga mpaka vitanda.

"Amekwenda kumuuguza mama yake," Metroni akaongeza, akiangalia juu ya vichwa vya watu.

Mama Pacha akaifungua tena kamba aliyokwisha kuifunga. Mama yake Kicheko alikwishafariki kabla maradhi haya hayajasikika popote, na yeye mwenyewe alihudhuria mazishi.

Daktari mkuu akafuata na maneno yake ya kila asubuhi: hali ni shwari, vifaa vipo, hakuna mtumishi aliyeambukizwa, msisikilize ya mitaani. Wauguzi wakapiga makofi, na makofi ya glavu hayana mlio.

Tangu hapo jicho la Mama Pacha halikutulia. Simu ya Kicheko ilikuwa imezimwa. Dereva wa gari la wagonjwa naye haonekani, na funguo zake anazo mlinzi. "Mimi, dada, nalinda geti. Ya ndani siyajui," mlinzi alimjibu, akageuka haraka mno. Kisha mtungi wa oksijeni ukatoweka wodini, na kila aliyeulizwa alimtupia mwenzake. Kwenye chumba cha chai watu walikaa mbalimbali wakipimana vikohozi. Mtu wa maabara alipopaliwa na chai, dakika ileile meza nzima ikawa yake.

Nyumbani nako hakukuwa afadhali. Mumewe alimwekea ndoo na sabuni uani, na pacha wakampungia mkono kutoka dirishani mpaka alipomaliza kuoga. Wifi yake akapiga simu.

"Wifi, mnatuficha nini huko? Watu wanasema mnapukutika."

"Hakuna kitu, wifi yangu. Hali ni shwari."

"Hata wewe?" Simu ikakatwa.

Mama Pacha akabaki na aibu. Maneno aliyomlisha wifi yake yalikuwa ya daktari mkuu, hata hakuyabadilisha nguo.

Kesho yake mchana alimwona Metroni akitoka jikoni na sinia lililofunikwa. Hakuelekea wodini. Alizunguka nyuma ya jengo la dobi, akashika njia ya wodi ya zamani ya watoto, ile iliyofungwa ikisubiri ukarabati. Mama Pacha akajisemea, leo nimemkamata. Kumbe wanawaficha wakubwa huku, ndugu za wenye vyeo, na oksijeni yetu wanapumua wao! Akamfuata akiambaa na ukuta, hasira zikimtangulia.

Akachungulia dirishani. Hakukuwa na mkubwa yeyote. Kwenye kitanda cha kwanza alilala dereva, macho ameyafumba. Cha pili, mfagizi wa wodi ya wazazi. Cha tatu, mrija wa oksijeni puani, alikuwa Kicheko, na Metroni, amejifunika gubigubi, anamnywesha uji kijiko kwa kijiko.

Kicheko akamwona. Akainua kidole, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Shoga, eti namuuguza mama. Anaendeleaje?"

Mama Pacha hakujua acheke au alie. Alimngoja Metroni nje mpaka akavua joho na kunawa.

"Tangu lini?"

"Umenifuata."

"Nakuuliza, Metroni. Tangu lini?"

Metroni akakaa kwenye ngazi kama mzigo uliotuliwa. "Tangu siku niliyosema likizo. Daktari mkuu amesema tukitangaza, wodi zitabaki na wagonjwa peke yao. Nikamwambia basi, nitawauguza mwenyewe."

"Na mimi niliyemfunga joho kwa mikono yangu? Nimerudi nyumbani kwa wanangu! Hilo hukuliona?"

Metroni akasugua tena mikono aliyokwisha kunawa, na Mama Pacha hakumngoja.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wagonjwa tunawaambia hivyo kila siku. Sisi hatumo?"

Siku hiyo hakurudi kwake. Alilala peke yake kwenye bweni la wauguzi, akampigia mumewe na kumweleza yote. "Afadhali umesema," mumewe akajibu. Kisha Mama Pacha akampigia wifi, akamweleza ukweli na kumwomba radhi.

"Basi nije nichukue watoto, au nao nisiwaguse?" wifi akauliza.

"Usiwaguse kwanza. Wanachohitaji waachie mlangoni."

Asubuhi, daktari mkuu alipofika kwenye "shwari", Mama Pacha akanyoosha mkono. "Daktari, Kicheko yuko wodi ya zamani ya watoto. Utasema wewe, au niseme mimi?"

"Huyu amechoka," daktari akasema. "Apumzishwe."

Lakini watu walikwisha kumgeukia Metroni. Akashusha pumzi. "Wako watatu," akasema, na akaeleza bila kubakiza: nani, walianza vipi kuumwa, nani alikuwa karibu nao, nani apimwe leo. Daktari mkuu alisimama pembeni kama mgeni kwenye msiba wa watu.

Mtu wa maabara alivua glavu akaondoka moja kwa moja. Muuguzi mmoja mjamzito akamfuata akilia, na hakuna aliyemlaumu. Waliobaki walijipanga kupimwa, kisha wakagawana zamu za wodi ya zamani.

Mama Pacha alipimwa, akarudiwa kupimwa, akaonekana mzima. Kicheko alipona, amekonda kama ufagio. Dereva hakupona. Safari hii walielezwa asubuhi ileile, kabla mwili haujatolewa, wakasimama pande zote za ujia akipitishwa.

Mikutano ya asubuhi iliendelea, sasa akizungumza Metroni, na mabaya yakitajwa kwanza. Watu walimwamini. Mama Pacha naye alisikiliza mpaka mwisho, halafu, kabla ya kuingia zamu, alizunguka nyuma ya dobi akachungulia dirishani na kuhesabu vitanda vyenye watu kwa macho yake mwenyewe. Metroni alimwona mara nyingi akipita. Wala hakumkataza.