Mtoto Aliyeletwa Kutoka Chencha

"Msichana hakai shimoni!" Wanna alifoka, akagonga ukuta kwa mkongojo. "Kwetu mwanamke anasokota, mwanamume anafuma. Unataka ukoo uniteme?"

"Ukoo!" alijibu mkewe, Shitaye. "Tangu miguu yako ivimbe, umeleta unga hapa huo ukoo? Waite basi waje wafume."

Binti yao, Bogalech, alisimama mlangoni na sare ya shule, mkoba begani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alimkataza kuondoka mpaka neno hili liishe.

Nyuma ya Wanna, shuka la sikukuu ya Ubatizo lilikuwa limefumwa nusu. Mfumi huketi ukingoni mwa shimo, miguu ndani, akikanyaga vikanyagio. Miguu ya Wanna haikuingia tena.

"Kaa wewe, basi," Wanna alisema.

"Mimi si mwanamke? Na kuni za mlima Entoto abebe nani? Wewe na fimbo yako? Tajiri kasema shuka lisipokwisha kabla ya sikukuu, anakuja kuchukua nyuzi zake. Na huyu hapa ana miguu miwili mizima, anakwenda kuificha chini ya dawati."

"Sitaki! Jirani akimwona msichana kwenye kitanda cha kufumia cha baba yangu, mimi nimekwisha."

Bogalech alishusha pumzi. Wiki nzima alikuwa akimwomba Mungu kwamba baba yake asilegee.

"Ahsante, Baba," alisema. "Niende basi, kengele italia."

Wanna alimgeukia, ameshangaa kweli. "Uende wapi?"

"Shule."

"Nani kataja shule? Shule imekwisha. Utasokota uzi na kubeba kuni na mama yako. Mimi nazungumza habari ya aibu."

Shitaye alicheka. "Umesikia? Ulidhani umepata wakili."

Bogalech alianza kulia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Kumbe shida yako ni macho ya watu tu," Shitaye alimwambia mumewe.

"Ndiyo. Ni macho ya watu."

"Hilo dogo."

Alichukua wembe juu ya kabati, akamvuta mtoto kwa bega, akamketisha sakafuni na kumbana kichwa katikati ya magoti.

"Unafanya nini?" Wanna aliuliza.

"Nakuzalia mvulana. Tutasema ni mtoto wa dada yangu, kaletwa kutoka kwetu Chencha aje kufuma. Kila siku watoto wanaletwa mjini kufuma, nani anauliza?"

"Na wakimuulizia Bogalech?"

"Yuko Chencha kwa bibi yake. Kabadilishana na binamu."

"Mama, mwalimu atanitafuta," Bogalech alisema kati ya kwikwi.

"Mwalimu ana watoto themanini. Tulia, nitakukata."

Nywele zilianguka kwenye udongo. Wanna akasema polepole, "Zeleke. Aitwe Zeleke. Ndilo jina nililoliweka tayari kabla hajazaliwa."

Shitaye alimvua sare, akamvika suruali ya zamani ya baba yake, akaikunja mara nne. Akamwinua na kumketisha shimoni. Miguu ilining'inia, haikufika kwenye vikanyagio.

"Shimo la mtu mzima," alisema Shitaye. "Hafiki."

Wanna aliegemeza mkongojo ukutani, akapiga magoti kwa maumivu na kuvifungua vikanyagio. Kwa mikono yake akajaza udongo shimoni, akaushindilia, akavifunga upya juu zaidi. Akajaribu nyayo za mtoto, moja baada ya nyingine. Zilifika.

"Kanyaga, Zeleke," alisema.

Mtoto akakanyaga.