Shati ya Térence kwenye Kamba

Unajua kwa nini uchochoroni kwetu, pale Bwiza, mtu akisafiri humwomba jirani amfanyie mauzauza? Wazee walitufundisha kwamba mauzauza ni kitu jicho linachokiona na mkono usikipate, kivuli kisicho na mwenyewe. Hii maana nyingine aliileta Sijaona, mwaka ule wa tisini na tano.

Risasi zilipolia, jirani yake Léoncie, mjane wa Térence, alifunga lango kwa kufuli, akamwachia Sijaona ufunguo wa mlango wa nyuma, akakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na watoto. Siku zile nyumba tupu haikukaa tupu. Watu walivunja kufuli, wakatia lao, basi. Shakuru, fundi magari, alikwisha anza kuipima kwa macho, akisema shemeji yake hana pa kulala. Na Léoncie alimtumia Sijaona salamu kupitia wachuuzi wa samaki: kinachomuuma ugenini si njaa, ni kukosa mlango wa kumkaribishia mtu.

Sijaona akawaza. Akapenya uani pale ukuta wa jikoni ulipobomoka, akafungua mlango wa nyuma kwa ule ufunguo, akafungua kabati, akafua nguo moja moja na kuzianika, paonekane pana watu: leo kitenge cha maua ya bluu, kesho kutwa magauni ya watoto. Akawasha imbabura ya makaa, akakaanga kitunguu kimoja tu, harufu ivuke ukuta. Kufuli la mbele, na kutu yake, hakuligusa.

Mchana mmoja Shakuru na shemeji yake wakapanda ukuta. Kambani palikuwa na shati ya mistari ya marehemu Térence, ile mtaa mzima uliyoijua. Upepo wa ziwani ukaijaza kifua, mkono mmoja ukainuka. Shakuru, ambaye alisaidia kumzika Térence, aliteremka hata suruali ikachanika.

"Mi siingii mule. Ni mauzauza."

"We si ulisema hakuna mutu?"

"Mutu hakuna, shemeji. Shati ndiyo iko."

Sijaona, nyuma ya jiko, aliuma pembe ya kanga asicheke. Tangu siku ile hakuna aliyelikaribia lile lango.

Mvua zilipoanza tena, Léoncie akarudi. Shakuru alimzuia nje, akamsimulia yote, mpaka habari ya suruali. Léoncie akatoa ufunguo kifuani, akafungua. Nguo zilikuwa bado zachuruzika, na nyuma ya kamba amesimama Sijaona na ndoo, povu hadi viwikoni, kama mwizi aliyekamatwa.

Léoncie aliigusa ile shati mbichi, akainusa. Kisha akaenda kuufungua mlango wa sebuleni, akausukuma hadi mwisho.

"Karibu kwangu, dada," akasema. "Ingia, ukae."